Kishikwambi cha Giza

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliishia pale simu ya bosi wangu Clemence ilipotumbukia kwenye sufuria la wali, katikati ya harusi, huku droni ikiwa bado angani. Wengi mmenitumia ujumbe kuuliza kama ule wali uliliwa.

Uliliwa. Simu ilitolewa kwa mwiko, ikafutwa, ikagoma kuwaka, na kamati ya chakula ikaendelea kupakua.

Droni yenyewe ilirudi peke yake ikatua pale ilipopaa. Ina akili kuliko waliokuwa wanaisimamia.

Kwa anayenikuta leo: naitwa Tusajigwe, darasa la saba, mzaliwa wa Katumba Songwe, nimeolewa Ndandalo. Mume wangu Anyisile yuko Chunya anatafuta dhahabu, na mpaka leo yeye na dhahabu hawajaonana. Mimi niko kwenye studio ya Clemence hapa Kyela mjini, nyuma ya stendi. Nilianza kwa kufagia, nikaja kuchaji betri, nikaja kubeba mkoba wa droni. Kurusha nilijifunza kwa macho. Mtu asiyeulizwa kitu anapata muda mwingi wa kutazama.

Sasa, droni ya kupigia picha unairusha kwa rimoti, na rimoti unaifunga kwenye simu au kishikwambi. Kile inachokiona kule juu ndicho unachokiona wewe mkononi. Bila kioo hicho unarusha kama kipofu. Na kioo chetu ndicho kilichoivia kwenye wali.

Jumatatu Clemence akatuita, mimi na Erick.

Erick ni mdogo wa mke wa Clemence. Ana diploma ya kompyuta aliyoipatia Mbeya, na miwani ya jua ambayo haivui hata akiwa stoo.

"Jumamosi tuna harusi," Clemence akasema. "Kamati inataka picha za juu. Tunatafuta kishikwambi cha bei yetu sisi, siyo cha mabalozi. Na Tusa, siku hiyo unarusha wewe."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Ukiweza, wewe ndiye rubani wa studio. Nakupeleka ukasomee mpaka upate kibali. Ukishindwa, rimoti inakwenda kwa Erick na wewe unarudi kwenye betri. Mtihani wa pili hakuna."

"Bosi, unampa darasa la saba ndege," Erick akasema.

"Wewe wa diploma umeipeleka kwenye mchikichi mara mbili."

Erick akarekebisha miwani. Clemence akanipa karatasi ya oda. "Haya, tusomee tunakwenda wapi."

Nikasoma kwa sauti. "Ndandalo. Harusi ya binti Glory. Nyumbani kwa..."

Nikakwama hapo. Glory ni wifi yangu; harusi yake niliijua, kwamba kamati imetukodi sisi sikujua. Jina lililofuata lilikuwa la baba mkwe wangu.

Nyie mnaosoma mkiwa mbali, ngoja niwaeleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukisikia anakuja, unaingia migombani mpaka apite. Hamsemeshani, hamkai kivuli kimoja, na jina lake hulitamki. Tunaita kutila. Siku hizi wengi wameacha, wapo wanaokaa sebule moja na wakwe zao wakitazama mpira. Wangu hajaacha. Miaka minne ya ndoa namjua kwa kikohozi na kwa kofia yake ikiwa inaondoka.

Tena ndiye mlinzi wa jambo lenyewe pale kijijini. Mkamwana wa jirani yake aligongana na baba mkwe wake kwenye mlango wa duka la sabuni, bahati mbaya tu. Ni mkwe wangu aliyesimama kidete yule binti arudishwe kwao mpaka ng'ombe aletwe wa kuondoa aibu.

Ng'ombe sina. Na kwetu Katumba Songwe chumba changu kaka yangu amekijaza magunia ya kokoa.

Kwa hiyo jina lake silitaji hata hapa gazetini. Mhariri ameniomba, nimemwambia aandike Mkwe, itatosha.

"Nyumbani kwa nani?" Clemence akauliza.

"Kwa yule mzee."

"Mzee gani?"

"Huyo aliyeandikwa hapo."

Erick alicheka mpaka akavua miwani. Ndiyo siku nilipojua ana macho. "Jina la herufi saba limemshinda kusoma," akasema. "Huyu ndiye rubani."

Clemence ni mtu wa Singida, mambo ya kutila hayajui. Ningemwambia, angesema basi usiende. Na nisipokwenda, rimoti ingeniponyoka kabla sijaishika.

Nikanyamaza. Makosa yangu mengi huanzia hapo hapo.

Dukani kwa Godwin tulikuta vishikwambi viwili vya bei yetu.

Cha kwanza kilikuwa kidogo, inchi nane, kimetumika, kona moja imechubuka. Cha pili kilikuwa kipya, kikubwa kama sinia la pilau, chenye jina la kampuni ambalo Godwin mwenyewe alilisoma kwa kituo. Bei zao zilikaribiana.

Erick alikipenda cha pili kabla hakijawashwa.

Mimi nikavichukua vyote viwili nikatoka navyo nje. Godwin akaruka meza.

"Dada, bidhaa inaangaliwa ndani."

"Harusi haifanyiki ndani ya duka, kaka."

"Basi simama hapo hapo mlangoni, nikuone miguu."

Ilikuwa saa saba, jua la Kyela mnalijua. Nikakiinua kile kidogo. Nikaona picha, nikaona maandishi, nikasoma mpaka yale madogo ya chini. Nikagusa programu ya droni ambayo Clemence alikuwa ameingiza, ikafunguka kabla sijaondoa kidole. Nikakipachika kwenye kishikio cha rimoti, kikakaa.

Nikainua kile kikubwa. Nikajiona mimi. Picha sikuiona, niliona uso wangu, na nyuma yangu Godwin akinihesabia miguu. Mwanga wake ulikuwa umekufa kabisa juani, kimegeuka kioo cha kunyolea. Programu nayo ilifunguka kama mzee anayetafuta viatu.

"Hiki ubongo wake mdogo," nikamwambia Godwin.

"Nani kakwambia?"

"Nimekitazama."

"Usimwambie yule wa miwani," akasema kwa sauti ya chini. "Kimekaa hapa tangu mwaka jana."

Ndani, Erick alikuwa anahubiri. "Inchi kumi na moja, bosi. Wazazi wa bibi harusi watajiona kama sinema. Hicho kingine ni cha kumnyamazishia mtoto kwa katuni."

"Hakiingii kwenye kishikio cha rimoti," Clemence akasema.

"Fundi baiskeli atachomelea."

Clemence akakipima mkononi kimoja, akakipima cha pili. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfahamu. Akanigeukia.

"Tusa, wewe umevitazama. Kipi?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapoungama. Jibu nilikuwa nalo mkononi. Kile kidogo. Kila mtu anayejua droni angesema kile kidogo.

Lakini nilikuwa nimeshawaza mbali. Kishikwambi kinachoonekana juani kingeniweka wazi katikati ya uwanja wa Mkwe, kichwa juu, uso nje. Kisichoonekana juani lazima ukijengee kivuli. Kivuli ni kitenge, unajifunika wewe na rimoti yako kama mtu anayejifukiza. Na aliye ndani ya kitenge, nani atamjua ni mkamwana wa nani?

Nikajiona nina akili kuliko wote mle dukani.

"Hiki kikubwa, bosi."

"Na jua?"

"Nitajifunika kitenge."

"Umeona?" Erick akasema, akanitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza. "Hata darasa la saba limeelewa."

Godwin akafunga kile kikubwa kwenye mfuko haraka, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa sana.

Jumamosi tukaenda.

Fundi baiskeli alikuwa amechomelea fremu ya nondo. Ukijumlisha nondo, kishikwambi na rimoti, mzigo ule ulitaka shingo ya ng'ombe. Erick akaufunga mkanda, nikauvaa kifuani kama muuza karanga wa stendi.

Mama mkwe alijua nitafika jikoni jioni, baada ya kazi. Kazi ya wapi siku hiyo, hakuuliza. Nikajichagulia mahali nyuma ya migomba, mbali na turubai, droni nikaipaishia hapo hapo miguuni pangu. Nikajifunika kitenge mpaka kiunoni.

Mle ndani joto lilikuwa la kuivisha ndizi. Lakini picha niliiona. Na nawaambia, nilirusha. Nilipita juu ya matarumbeta yakiingia uwanjani, nikashuka taratibu mpaka kwenye shela ya Glory, nikapanda juu ya mikokoa, nikazunguka sufuria kwa mbali maana tulishajifunza. Hata Clemence alikuja akasimama karibu, akasema, "Tusa, endelea hivyo hivyo." Akaondoka kwenda kwenye kamera yake ya chini.

Shida ikaja pale ambapo sikuifikiria.

Mkwe naye alikuwa harusini. Ni harusi ya binti yake, angekuwa wapi? Kila nikishusha droni, kofia yake inaingia kwenye kioo.

Sasa, kumwona mkwe wako kutokea angani, je, ni kumwona? Waliotunga kutila hawakuacha neno lolote kuhusu droni. Nikaona nisijaribu. Kila kofia ilipotokea, nikageuza kamera. Akisimama, napiga migomba. Akihutubia, napiga mabati. Akimkumbatia Glory, nikarekodi kwa makini sana mbuzi aliyefungwa kwenye mchungwa.

Nikiwa ndani ya kitenge nikasikia sauti ya Ambwene, mwenyekiti wa kamati.

"Nyie wa kandege. Nimetazama mlivyopiga, nimeona mbuzi mara nne. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yumo, mzee wangu," Erick akajibu.

"Yumo wapi? Bega. Nimeona bega na nusu ya kofia. Mnamficha kwani kaiba?"

"Hapana, mzee wangu. Yumo vizuri kabisa, ni wewe umetazama vile vipande nilivyokutumia kwenye simu. Sisi tuna kioo kikubwa, inchi kumi na moja. Mlete mwenyewe ajione."

Ndani ya kitenge, jasho langu lilisimama.

Ningeweza kukimbia. Lakini ukikimbia na nondo kifuani huku droni ikiwa juu ya watu mia tatu, huo siyo mtihani tena, ni mazishi. Nikawaza niishushe haraka. Nikasikia miguu. Watu walikuwa wanakuja migombani wengi, Erick anawapanga foleni kuwahi sinema, na walipojipanga ndipo hasa droni inapotakiwa kutua.

Kisha nikasikia kikohozi.

"Ingiza kichwa tu, mzee wangu," Erick akasema. "Kule ndani kuna giza zuri."

Kitenge kikainuka kwa nyuma, kikashuka. Harufu ya ugoro ikanijaa puani. Bega la Mkwe likagusa bega langu.

Mkwe wangu na mimi. Kivuli kimoja. Kitenge kimoja.

"Ugonile," akanisalimu.

Nikakaza macho kwenye kioo. Kumtazama sikumtazama. Kujibu sikujibu.

"Haya, usijibu," akasema. "Dereva hasemi na abiria. Nionyeshe kwangu."

Nilifanyaje? Nikamwonyesha. Nikapandisha droni, uwanja wote ukaingia: nyumba, turubai, jiko, zizi. Mzee akasogeza uso karibu na kioo.

"Bati la jiko limeoza," akasema. "Kumbe. Kila siku wananiambia linavuja, nasema wanadeka."

Nikatembeza droni.

"Kule mbele, kwenye mikokoa mikubwa. Pana kaburi la mama yangu. Linaonekana?"

Nikapeleka. Nikashusha taratibu, majani yasitikisike, mpaka ule msalaba mweupe ukaja katikati. Nikaisimamisha hapo.

"Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Aliisema polepole, na nilihisi ananiambia mimi, siyo mashine.

Nawaambia ukweli, kwa dakika ile nilimpenda mkwe wangu. Nikaona labda miaka yote nilikuwa naogopa kofia tu.

Akaendelea, kama watu wanavyoongea gizani.

"Wewe binti una mikono mizuri. Umesoma wapi? Haya, usijibu. Mimi nina mkamwana yuko huko mjini. Darasa la saba. Wanasema anashinda na wanaume wa kamera, anawabebea mikoba. Mke wangu ananificha, anadhani sijui. Yule hata redio hawezi kuwasha. Mwanangu angeoa mtu kama wewe, leo ningekuwa na mtu wa kujivunia. Nikimaliza harusi hii namwandikia barua arudi kwao."

Mikono yangu mizuri ikateleza kwenye rimoti. Droni nayo ikateleza, msalaba ukayumba kwenye kioo.

"Upepo," akasema.

Kwenye kona ya kioo namba ya betri ilikuwa kumi na tano. Nilikuwa nimeisahau. Nikageuza droni irudi, nikaipandisha juu ya mikokoa, na hapo ndipo uongo wangu wa dukani kwa Godwin uliponilipa. Kile kishikwambi kikaganda. Picha ikasimama juu ya kokoa moja, haisogei, ubongo wake mdogo umechoka na harusi. Droni sasa ilikuwa inarudi yenyewe, kwa akili yake, kwenda kutua kichwani kwa foleni.

Lazima nitoke nje niiangalie kwa macho, niwaondoe watu. Na nikitoka, uso wangu nje, Ndandalo nzima iko pale.

Nikajaribu kukiamsha. Nikabonyeza kila mahali. Na huko nje Erick, ambaye hajawahi kuniita jina zima tangu tufahamiane, akachagua siku hiyo.

"Tusajigwe," akapaza sauti. "Wewe Tusajigwe, betri. Ishushe."

Pumzi iliyokuwa karibu na sikio langu ikakatika.

Akina Tusajigwe ni wengi Kyela. Nikaomba Mungu mzee aone hivyo. Lakini kuna akina Tusajigwe wangapi, wa mjini, wanaoshinda na wanaume wa kamera?

Nikaona mkono wake unashika upindo wa kitenge. Akaunyanyua kidogo, kutaka kutoka. Jua likaingia.

Na jua lilipoingia, kishikwambi kikafanya kile kile kilichokifanya mlangoni kwa Godwin. Picha ikapotea. Kikageuka kioo cha kunyolea, inchi kumi na moja, kama sinema. Ndani yake kulikuwa na nyuso mbili, bega kwa bega. Wangu, na wa mzee aliyevaa kofia. Alikuwa na macho ya Anyisile. Miaka minne sikujua.

Alikuwa ananitazama. Nami nilikuwa namtazama.

Nikasubiri apige kelele. Nikaanza kuhesabu ng'ombe ambaye sina.

Mkono wake ukaachia upindo. Kitenge kikashuka, giza likarudi, na yeye akabaki mle mle ndani.

Huko nje Ambwene alikuwa anaita. "Mwenye nyumba, toka. Bibi harusi anasubiri baraka. Na rubani naye atoke tumpigie makofi, tumwone ni binti wa nani."

Watu wakaanza kupiga makofi. Nikamsikia mama mkwe wangu katikati yao, anauliza kuna nini huku migombani. Juu yetu mlio wa droni ulikuwa unashuka, unakaribia.

Mkwe akakohoa kile kikohozi. Kisha akaniinamia, yule mlinzi wa kutila wa Ndandalo nzima, akaninong'oneza sikioni.

"Mkamwana," akasema, "sasa nani anatoka wa kwanza?"